Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: elementi za kikemia zimesambaaje ndani ya galaksi ya parafujo?

Galaksi ya parafujo ni ile yenye mikono ya nyota na gesi iliyojikunja kuzunguka kitovu. Maswali haya hujirudia kila mazungumzo ya nyota yanapofika kwenye kemia, hasa kwa wanafunzi na wapenzi wa anga wanaosikia kwamba upande mmoja wa galaksi ni "tajiri" na mwingine "maskini". Yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale yanayowagawa watafiti wenyewe. Mwenye haraka asome la 2, la 6 na la 10 kwanza, kisha arudi kwenye mengine.

## Mambo ya msingi

1. Galaksi imeundwa na elementi gani hasa?

Haidrojeni na heliamu, pamoja na kiasi kidogo sana cha vingine vyote. Jua letu lilipozaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, takriban asilimia 71 ya uzito wake ilikuwa haidrojeni na asilimia 27 heliamu. Vyote vilivyobaki, yaani oksijeni, kaboni, neoni, chuma, silikoni, dhahabu na kadhalika, ukivijumlisha havikufika asilimia 2.

Wanaastronomia hukiita "metali" kila kilicho kizito kuliko heliamu, hata oksijeni ambayo mwanakemia hawezi kuiita hivyo. Ukurasa huu unafuata desturi yao. Katika kundi hilo dogo oksijeni inaongoza kwa wingi, na tena mwanga wake ni rahisi kuupima. Ndiyo maana utaiona ikitajwa karibu kila swali.

2. Je, elementi hizo zimesambaa sawasawa?

Hapana. Katika galaksi nyingi kubwa zenye mikono iliyojikunja, metali ni nyingi karibu na kitovu na hupungua taratibu kadiri unavyoelekea ukingoni. Kupungua huko ndiko kunakoitwa mteremko wa metali.

Katika galaksi yetu, Njia Nyeupe, vipimo vya mawingu ya gesi vinaonyesha kwamba oksijeni hupungua kwa karibu asilimia 9 kila unapojiongezea miaka nuru 3,260 kutoka kitovuni. Kwa chuma, kinachopimwa kwenye nyota, upungufu ni mkubwa kidogo, asilimia 11 hadi 13 kwa umbali huohuo. Hatua moja ni ndogo, lakini sahani ya galaksi ni pana: ukienda miaka nuru elfu ishirini na tano hivi kuelekea nje, oksijeni imebaki nusu.

3. Nani aliligundua jambo hili?

Dalili ya kwanza aliiona Lawrence Aller mwaka 1942. Alipokuwa akichunguza mawingu yanayong'aa ya galaksi M33, aliona kwamba mwanga wa kijani wa oksijeni ukilinganishwa na wa haidrojeni hubadilika kutoka ndani kwenda nje. Maelezo yaliyokubalika yalikuja mwaka 1971, pale Leonard Searle alipopima mawingu ya galaksi kadhaa, zikiwemo M33 na M101, akaonyesha kwamba kinachobadilika ni kiasi chenyewe cha elementi. Miaka karibu thelathini ilipita kati ya kuona na kueleza, na swali la 7 linaonyesha kwa nini maelezo hayakuwa rahisi.

4. Elementi hizi zilitoka wapi?

Haidrojeni, sehemu kubwa ya heliamu na kiasi kidogo cha lithiamu vilitokana na Mlipuko Mkuu. Vingine karibu vyote vimepikwa na nyota, ila si nyota za aina moja wala kwa mwendo mmoja.

Oksijeni na magnesiamu hutoka kwenye nyota zenye uzito unaozidi wa Jua kwa takriban mara nane. Nyota hizo haziishi sana. Ndani ya miaka milioni chache hadi makumi machache ya milioni hulipuka na kumwaga zilichotengeneza moyoni mwake. Chuma kwa sehemu kubwa hutoka kwenye milipuko ya nyota kibete nyeupe, yaani mabaki ya nyota zisizo nzito sana zilizokufa, ambayo huweza kusubiri mamia ya mamilioni ya miaka, hata mabilioni. Naitrojeni, na sehemu ya kaboni, hutoka kwenye nyota za uzito wa kati zinazopukutisha gesi yao polepole uzeeni. Elementi nzito sana kama dhahabu huzaliwa angalau kwa sehemu pale nyota mbili za nyutroni zinapogongana, jambo lililoshuhudiwa tarehe 17 Agosti 2017 katika galaksi NGC 4993.

Tofauti hii ya muda ndiyo inayofanya galaksi isomeke: uwiano wa oksijeni na chuma hukueleza kama nyota zilizaliwa kwa haraka au kwa kusuasua.

## Vipimo

5. Hakuna aliyefika huko. Wanapimaje?

Kwa mwanga. Penye nyota changa na nzito, miale yake ya urujuanimno huipiga gesi iliyo jirani hadi atomu zinapoteza elektroni. Gesi hiyo hung'aa, na kila aina ya atomu hutoa rangi zake ambazo hazichangamani na za nyingine.

Mfano tunaouona kwa macho yetu ni Nebula ya Jabari, lile doa la ukungu lililo chini ya nyota tatu za mkanda wa Jabari, umbali wa takriban miaka nuru 1,350. Ukiupitisha mwanga wake kwenye spektrografu, kifaa kinachotawanya mwanga katika rangi zake (spektra), hupati rangi zilizoungana kama za upinde wa mvua, bali mistari iliyosimama peke yake: mwekundu wa haidrojeni kwenye nanomita 656.3, mwingine wa haidrojeni kwenye 486.1, na wa kijani kwenye 500.7. Huu wa kijani ulimtatiza William Huggins alipouona mwaka 1864 katika nebula nyingine, kwa kuwa haukufanana na wa elementi yoyote iliyojulikana duniani. Kwa miongo kadhaa watu waliamini ni elementi mpya. Mwaka 1927 Ira Bowen alionyesha kwamba ni oksijeni ya kawaida iliyopoteza elektroni mbili, katika gesi nyembamba kiasi ambacho maabara za duniani hazikuweza kukiiga.

Kupima wingi wa oksijeni, basi, ni kulinganisha nguvu ya mistari yake na ile ya haidrojeni. Lakini nguvu hiyo hutegemea pia halijoto ya gesi, kwa hiyo lazima halijoto ijulikane kwanza. Njia ya moja kwa moja hutumia mstari mwingine wa oksijeni, wa nanomita 436.3, ambao hutokea tu elektroni zinapogonga kwa nguvu kubwa. Uwiano wa 436.3 na 500.7 hufanya kazi ya kipimajoto. Taabu ni kwamba mstari huo ni hafifu mno: katika Nebula ya Jabari, iliyo mlangoni petu, una nguvu ndogo mamia ya mara kuliko ule wa kijani. Katika galaksi ya mbali mara nyingi hauonekani kabisa.

Siku hizi kazi imerahisishwa na vifaa vinavyochukua spektra za eneo zima kwa mpigo mmoja. MUSE, kilichofungwa kwenye darubini ya VLT huko Paranal, Chile, hukusanya spektra karibu 90,000 katika picha moja.

6. Namba kama "8.69" na neno "deksi" vina maana gani?

Wingi wa oksijeni huandikwa kwa kipimo cha logi: unachukua idadi ya atomu za oksijeni, unaigawa kwa za haidrojeni, unatafuta logi yake (logarithimu ya kizio cha kumi), kisha unajumlisha 12 ili namba isiwe hasi. Kwa Jua jibu ni takriban 8.69, yaani atomu 490 za oksijeni kwa kila atomu milioni moja za haidrojeni.

Deksi ni hatua moja ya logi hiyo. Tofauti ya deksi 1 ni mara kumi, deksi 0.3 ni mara mbili, na deksi 0.1 ni kama asilimia 26. Mtafiti akisema mteremko ni deksi 0.04 kwa kiloparseki, amesema kile kile kilichoelezwa kwenye swali la 2, maana kiloparseki moja ni miaka nuru 3,260.

7. Kama oksijeni ni nyingi karibu na kitovu, mbona mistari yake huko ni hafifu?

Swali hili huwachanganya hata wanaosoma fizikia, na wana haki, kwa sababu akili ya kawaida inasema kinyume.

Oksijeni hupoza gesi. Elektroni inayokimbia ikigonga ayoni ya oksijeni, yaani atomu iliyopoteza elektroni, huiachia sehemu ya nishati yake. Ayoni huitoa nishati hiyo kama mwanga, na mwanga huo hutoroka wingu moja kwa moja. Kila mgongano wa namna hii huondoa joto. Penye oksijeni nyingi, joto huondoka upesi, gesi hupoa, na elektroni hazina tena nguvu ya kuipandisha ayoni hadi ngazi inayotoa mwanga wa kijani. Nishati huanza kutokea kwenye mistari ya infraredi, kama ile ya maikromita 52 na 88, ambayo jicho halioni na darubini za ardhini haziipati. Matokeo yake ni wingu lenye oksijeni tele ambalo mstari wake wa kijani umefifia.

Ukiongeza oksijeni kutoka kiwango cha chini, kwanza mistari inayoonekana hupata nguvu. Ikifika mahali inaanza kudhoofika. Kwa hiyo mstari wenye nguvu fulani unaweza kumaanisha oksijeni kidogo au oksijeni nyingi, na unahitaji ushahidi wa pili, kwa kawaida mistari ya naitrojeni, ili ujue uko upande gani. Aliyesoma mwanga wa kijani peke yake angehitimisha kwamba kitovu ndicho maskini.

8. Mbona makala mbili zinatoa majibu tofauti kuhusu galaksi moja?

Kwa sababu zimetumia fomula tofauti. Mstari wa 436.3 usipoonekana, watafiti hutumia mistari yenye nguvu pamoja na fomula ya kuigeuza kuwa wingi wa oksijeni. Fomula nyingine zimejengwa kutokana na mawingu ambayo halijoto yake ilipimwa moja kwa moja, nyingine kutokana na hesabu za kompyuta. Lisa Kewley na Sara Ellison walizilinganisha mwaka 2008 kwa kutumia galaksi zilezile, wakakuta tofauti zinazofika deksi 0.7, yaani mara tano.

Hata njia ya moja kwa moja ina mgogoro wake. Mistari hafifu inayotokea ayoni inapoipata tena elektroni yake hutoa oksijeni zaidi, mara nyingi karibu mara mbili, kuliko mistari inayotokana na migongano, ndani ya wingu lilelile. Hadi sasa hakuna maelezo yaliyokubaliwa na wote. Tena sehemu ya oksijeni imejificha kwenye chembe za vumbi na haitoi mstari wowote.

Msimamo wangu ni huu: amini mwelekeo wa mteremko, amini ulinganisho uliofanywa kwa fomula moja, na kuwa mgumu kuamini namba kamili inayotolewa bila kutajiwa fomula. Mabishano mengi juu ya "galaksi ipi ni tajiri zaidi" ni mabishano ya fomula mbili.

9. Je, nyota zenyewe haziwezi kupimwa?

Zinaweza, na katika Njia Nyeupe ndizo zinazotegemewa zaidi kwa chuma. Nyota za Sefeidi, ambazo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa mpigo maalumu, ni changa, zinang'aa sana na umbali wake hujulikana kwa uhakika kutokana na mapigo yake. Hizi ndizo zilizotoa takwimu ya chuma kwenye swali la 2. Makundi ya nyota zilizozaliwa pamoja yana faida nyingine, kwamba umri wake hupimika, hivyo unaweza kulinganisha mteremko wa leo na wa zamani. Mradi wa APOGEE umepima kemia ya mamia ya maelfu ya nyota kwa infraredi, inayopenya vumbi linaloficha kitovu, na setilaiti ya Gaia iliyorushwa Desemba 2013 imetoa umbali na mwendo wa zaidi ya nyota bilioni moja.

## Sababu zake

10. Kwa nini ndani ndiko kwenye metali nyingi?

Kwa sababu ndani ndiko kulikofanyika kazi nyingi na mapema. Gesi karibu na kitovu ni nzito zaidi, na gesi nzito hugeuka nyota kwa kasi kubwa. Kizazi baada ya kizazi cha nyota kimezaliwa, kimelipuka na kuirudishia gesi metali zake, na kizazi kilichofuata kikaanza na mtaji huo. Ukingoni gesi ni nyembamba, nyota huzaliwa kwa nadra, na haidrojeni nyingi bado haijawahi kupita ndani ya nyota yoyote.

Jambo la pili ni mpangilio wa ujenzi. Hesabu zilizofanywa na Francesca Matteucci na wenzake tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 zinaonyesha kwamba sahani ya galaksi kama yetu ilijengwa kuanzia ndani kwenda nje: gesi ilianguka na kutulia haraka sehemu za kati, na ukingo ukaendelea kupokea gesi kwa mabilioni ya miaka. Ukingo, kwa hiyo, ni mchanga kuliko kitovu.

11. Nyota zinaendelea kutengeneza metali kila siku. Mbona gesi haijajaa metali?

Kwa sababu galaksi si chombo kilichofungwa. Gesi safi inaendelea kuingia kutoka nje na kuzimua iliyopo. Ni kama kuongeza maji kwenye mchuzi: chumvi ni ileile, ila ukali wake umepungua. Upande mwingine, milipuko ya nyota hurusha sehemu ya metali nje kabisa ya sahani, hasa katika galaksi ndogo zenye mvutano dhaifu. Wingu Dogo la Magellan lina takriban moja ya tano tu ya oksijeni ya Jua, na Wingu Kubwa karibu nusu.

Ushahidi wa kuingia gesi uko jirani yetu. Galaksi ingekuwa imefungwa tangu mwanzo, tungepaswa kukuta nyota nyingi za zamani, ndogo na maskini wa metali karibu na Jua. Zipo, lakini ni chache mno kuliko hesabu hiyo inavyodai.

12. Je, elementi zote hupungua kwa kasi moja?

Hapana. Naitrojeni hupungua kwa kasi kuliko oksijeni, kwa hiyo uwiano wao hubadilika sana kati ya ndani na nje. Sababu ni kwamba sehemu ya naitrojeni hutengenezwa kutokana na kaboni na oksijeni ambazo nyota ilizirithi ilipozaliwa; nyota iliyorithi nyingi hutoa nyingi. Oksijeni, neoni, sulfuri na argoni, kwa upande mwingine, huenda pamoja kwa karibu sana, kwa kuwa zote hutoka hasa kwenye nyota nzito. Chuma kina saa yake (swali la 4).

## Mfano mmoja kwa ukaribu

13. Nipe galaksi moja ambako haya yote yanaonekana.

M101, iliyo umbali wa karibu miaka nuru milioni 21 katika kundi la Dubu Mkubwa. Imetugeukia uso, mikono yake iko wazi, na imejaa mawingu makubwa yanayong'aa kutoka ndani hadi ukingoni. Robert Kennicutt, Fabio Bresolin na Donald Garnett walichapisha mwaka 2003 vipimo vya mawingu yake 20 kwa njia ya moja kwa moja, kila moja likiwa na halijoto yake iliyopimwa.

Walichokuta ni mstari ulionyooka kwa namna ya kupendeza. Kitovuni, kipimo cha oksijeni ni takriban 8.76, kwenye ukingo wa sahani inayoonekana ni 7.86. Hiyo ni karibu mara nane. Wingu kubwa la NGC 5471, lililo mbali nje, lina gesi yenye joto la takriban nyuzi 14,000 za Kelvini, ilhali mawingu ya ndani hushuka chini ya 8,000. Swali la 7 liko hapo mbele ya macho: penye oksijeni kidogo pana joto zaidi.

M101 inatuonyesha pia viwanda vyenyewe vikifanya kazi. Agosti 2011 ililipuka humo SN 2011fe, nyota kibete nyeupe, aina ya mlipuko unaotoa chuma cha karibu nusu ya uzito wa Jua. Tarehe 19 Mei 2023 Koichi Itagaki wa Japani aligundua SN 2023ixf, kifo cha nyota nzito, karibu na wingu la NGC 5461 katika galaksi hiyohiyo. Hii ni ya kundi linalotoa oksijeni. Milipuko miwili, saa mbili tofauti, sahani moja. Sijui mfano mwingine unaofundisha vizuri zaidi.

## Pale kanuni inapolegea

14. Je, galaksi zote za parafujo zina mteremko uleule?

Kwa kilomita au miaka nuru, hapana: galaksi ndogo huteremka kwa ghafla na kubwa kwa upole. Ila ukipima kwa ukubwa wa galaksi yenyewe, yaani kwa nusu-kipenyo cha duara lililobeba nusu ya mwanga wake, nyingi hukaribiana. Mradi wa CALIFA ulipata wastani wa deksi 0.1 kwa kila kipimo hicho. Mradi wa MaNGA, uliopima galaksi karibu 10,000, ukaongeza kwamba, kwa kipimo hichohicho, galaksi zenye uzito mdogo huwa na mteremko wa bapa zaidi.

15. Mteremko unaendelea hadi mwisho kabisa wa galaksi?

Mara nyingi unakoma. M83, iliyo umbali wa karibu miaka nuru milioni 15, ina sahani pana sana ya gesi na nyota changa chache nje ya ukingo unaoonekana kwa darubini za kawaida. Setilaiti ya GALEX ndiyo iliyoifichua kwa urujuanimno. Bresolin na wenzake walipopima mawingu yake mwaka 2009, walikuta oksijeni ikiacha kupungua baada ya ukingo huo na kubaki bapa.

La kushangaza ni kwamba huko nje kuna metali nyingi kuliko nyota chache zilizopo zingeweza kutengeneza. Maana yake kuna kitu kinazisafirisha: huenda gesi iliyochanganywa kutoka ndani, huenda gesi iliyotupwa juu na milipuko kisha ikaanguka mbali na ilikotoka.

16. Mwamba wa nyota katikati (nyota zilizojipanga kama boriti inayopita kitovuni), au kugongana na galaksi nyingine, hubadilisha nini?

Kugongana kuna jibu lililo wazi. Mvutano wa jirani husukuma gesi maskini kutoka ukingoni hadi ndani, kitovu huzimuliwa, na mteremko hulala. Galaksi pacha zilizokaribiana zimepimwa na kuonekana hivyo.

Mwamba ni habari nyingine. Vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha galaksi zenye mwamba zikiwa na mteremko wa bapa zaidi, na maelezo yalileta maana, kwani mwamba huchochea gesi kwenda na kurudi. Sampuli kubwa zilizofuata, kama ya CALIFA, hazikuona tofauti hiyo waziwazi. Kwa hiyo usilichukue kama kanuni.

17. Je, ndani ya mkono na nje ya mkono kuna tofauti?

Katika baadhi ya galaksi, ndiyo. I-Ting Ho na wenzake waliichunguza NGC 1365 mwaka 2017 na kukuta kwamba kwa umbali uleule kutoka kitovuni, oksijeni hupanda na kushuka kwa takriban deksi 0.2, karibu mara 1.6. Gesi inaposafiri kati ya mkono mmoja na mwingine, nyota zake huirutubisha mahali pake. Inapovuka mkono huchanganywa na gesi maskini na kiwango hushuka. Galaksi nyingine hazionyeshi mawimbi haya, au huyaonyesha kwenye mkono mmoja tu.

18. Zamani sana ilikuwa hivihivi?

Si kila mara. Mwaka 2010 Giovanni Cresci na wenzake waliripoti galaksi tatu, zinazoonekana jinsi zilivyokuwa miaka bilioni mbili hivi baada ya Mlipuko Mkuu, ambazo kitovu ndicho kilikuwa maskini. Maelezo yao ni kwamba mikondo ya gesi safi ilikuwa ikimiminika hadi katikati na kuzimua kila kitu. Ni hoja ya swali la 11 kwa kiwango kikubwa.

## Sisi na Jua letu

19. Jua lina kiwango kinachostahili mahali lilipo?

Limezidi kidogo. Jua liko karibu miaka nuru 26,700 kutoka kitovuni, na lina metali zaidi kidogo ya wastani wa nyota za umri wake zilizo jirani. Maelezo yanayopendelewa ni kwamba lilizaliwa ndani zaidi kisha likahama. Jerry Sellwood na James Binney walionyesha mwaka 2002 jinsi mikono ya galaksi inavyoweza kuisogeza nyota nje au ndani bila kuuvuruga mzunguko wake. Uhamaji huu ndio unaowasumbua wanaosoma historia kupitia nyota za kale: unapoipima nyota leo, umepima kemia ya mahali ilipozaliwa, si ya mahali ilipo.

20. Hii inahusiana na uhai?

Kwa sayari kubwa za gesi uhusiano ni imara. Debra Fischer na Jeff Valenti walionyesha mwaka 2005 kwamba nyota yenye chuma mara mbili ina uwezekano wa karibu mara nne wa kuwa na sayari kubwa. Kwa sayari ndogo za mawe uhusiano ni dhaifu. Hupatikana hata kwenye nyota maskini. Wazo la "ukanda unaofaa uhai" katika galaksi lilipendekezwa mwaka 2001, na lina mantiki, lakini mipaka yake imechorwa kwa dhana nyingi kuliko vipimo, na mimi nisingeichora kwenye kitabu cha shule.

## Kwa anayetaka kuona na kujaribu

21. Naweza kuona nini nikiwa Afrika Mashariki?

Mengi, mradi uwe mbali na taa za mji. Nebula ya Jabari hupita karibu na utosi kati ya Desemba na Machi. Sehemu ya kitovu cha Njia Nyeupe hupanda juu sana Juni hadi Septemba. Mawingu ya Magellan huonekana chini upande wa kusini, jioni za Desemba na Januari. M83 iko juu Aprili hadi Juni na inahitaji darubini ndogo. M101 iko chini kaskazini miezi hiyohiyo na ni hafifu.

22. Naweza kupima mteremko mwenyewe?

Ndiyo, kwa kompyuta na intaneti. Spektra za MaNGA ziko wazi kwa umma bila malipo. Anza na fomula rahisi ya Max Pettini na Bernard Pagel ya mwaka 2004: chukua nguvu ya mstari wa naitrojeni wa nanomita 658.4, gawa kwa ule wa haidrojeni wa 656.3, tafuta logi, zidisha kwa 0.57, kisha jumlisha 8.90.

Tuseme wingu la nje lina uwiano wa 0.1. Logi yake ni −1, kwa hiyo oksijeni ni 8.33. La ndani lina 0.3; logi ni −0.52, na jibu ni 8.60. Tofauti ni deksi 0.27, yaani la ndani lina oksijeni karibu mara 1.9. Mistari hii miwili iko jirani sana kwenye spektra, kwa hiyo vumbi linaizima kwa kiasi kilekile na haliharibu uwiano.

Epuka kitovu chenye shimo jeusi linalomeza gesi, kwa kuwa huko mwanga hautokani na nyota changa na fomula hudanganya. Kisha rudia hesabu kwa mawingu kumi au zaidi ya galaksi moja, weka umbali kwenye mhimili wa mlalo na oksijeni kwenye wa wima, na usichanganye kwenye mchoro huohuo namba zilizotoka kwenye fomula nyingine (swali la 8).